Zulia jipya na mikanda ya kingo kwenye boti kuukuu: nilichopenda na nilichorudisha

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda. Zulia nyota nne, gundi ya sakafu nyota tano, mkanda wa kubana wa kwanza nyota moja, wa pili nyota nne, mkanda mgumu wa ubavuni tatu na nusu. Boti yenyewe ni ya faibaglasi, ya mwaka 1987, sakafu ni plaiwudi iliyovikwa faibaglasi, na zulia la kiwandani lilikuwa linanuka hata baada ya kuanikwa juani kutwa nzima.

Watu huchagua zulia kwa rangi. Rangi iacheni mwishoni, someni kwanza uzito. Wauzaji wengi huuandika kwa aunsi kwa kila yadi ya mraba: 16, 20, 24 na hata 32. Nilichukua la 20, ambalo ni kama gramu 680 kwa mita ya mraba. La 16 linakunjika vizuri, lakini baada ya muda kila kichwa cha skrubu na kila kiungo cha mbao hujichora juu yake. La 32 ni raha kwa mguu mtupu, ila ukishaanza kulizungusha kwenye vifuniko vya sakafu utajuta, na nitaeleza kwa nini.

Hili langu ni la polipropilini, nyuzi zilizokatwa, mgongo wa mpira. Polipropilini hainywi maji. Ni nyepesi kuliko maji, kiasi kwamba uzi wake ukidondoka baharini unaelea. Kwa hiyo maji hukaa katikati ya nyuzi, hayaingii ndani yake, na zulia likipata hewa linakauka haraka. Adui yake ni jua. Bila dawa ya kuzuia miale, nyuzi hukakamaa na kuanza kumeguka kama majani makavu. Hivyo kama maelezo ya bidhaa hayataji kinga ya jua, hilo ni zulia la sebuleni lililopewa jina la baharini, na bei yake isikudanganye.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya huo mgongo wa mpira. Kwenye sakafu tambarare ni mzuri sana: unatulia, haukunjamani, unashika gundi. Kwenye kona za vifuniko na kuta za pembeni haukubali kupinda, unajirudisha kama una hasira. Kwa sehemu hizo ilibidi niagize zulia lisilo na mgongo, la kampuni ileile na la kijivu kilekile kwa jina. Kwa macho, si kilekile. Ukiwa unajua utahitaji aina zote mbili, agiza kwa siku moja na uombe vipande vya sampuli kwanza. Nunua pia jora pana kuliko sakafu yako. Mengi huuzwa kwa upana wa futi 6 au futi 8, na boti ndogo nyingi sakafu yake inaingia ndani ya futi 6 bila kiungo. Kiungo kikikosekana, hakuna pa kufumukia.

Kubandua la zamani sitalielezea sana. Ni kazi ya kikwangua, mashine ya hewa ya moto, na subira. Gundi iliyobaki ilikwisha kwa msasa wa namba 40, na hapo barakoa yenye vichujio si hiari, maana vumbi la faibaglasi likiingia kifuani halitoki kwa kukohoa. Kabla ya kubandika chochote, gonga sakafu yote kwa mpini wa nyundo. Panapolia pakavu pako sawa. Panapolia bubu, choma kwa bisibisi. Kwangu palikuwa na sehemu laini moja, pembezoni, upande wa tezi, yaani nyuma ya boti. Ikumbuke sehemu hiyo, nitairudia.

Sasa gundi. Kwenye sakafu nilitumia gundi ya mazulia ya nje isiyoharibiwa na maji, inayotandazwa kwa mwiko wenye meno madogo. Hii ndiyo bidhaa iliyonifurahisha kuliko zote. Inakupa nafasi ya kuinua kona na kuiweka upya, kisha ukiiacha siku mbili tatu bila kukanyaga inashika kweli. Gundi ya mpira, ile inayopakwa pande zote mbili na kusubiriwa ikauke kidogo, niliiweka kwa kuta na vifuniko tu. Hiyo ikigusana imeshagusana. Ukipanga zulia vibaya huna pa kurudi. Na mvuke wake unawaka. Mvuke wa gundi, sawa na wa petroli, ni mzito kuliko hewa, hivyo hauondoki kwa kufungua dirisha la juu, unashuka na kulala ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti. Nilitoa betri nje ya boti kabisa na kupeleka feni ya kusukuma hewa kwenye ngama kutokea nje. Anayedhani huo ni woga na aendelee na betri yake.

Ukatiaji nilimwachia shemeji yangu, fundi wa makochi, mtu ambaye hawezi kuona kitambaa bila kukipapasa. Kabla sijatoa kisu alishapitisha kiganja juu ya kila kipande na kuchora mshale wa chaki mgongoni kuonyesha nyuzi zinalalia wapi. "Shemeji, mishale yote iangalie tezi," akasema, "ukigeuza kimoja, watu watadhani umenunua mazulia mawili." Ni kweli tupu. Kipande kilekile kikizungushwa nusu duara kinaonekana cheusi zaidi kwa sababu mwanga unakipiga upande mwingine wa nyuzi. Pia yeye ndiye aliyeshikilia tukatie mgongoni na kwa wembe mpya kila mara, kwani wembe butu unavuta nyuzi.

Vifuniko vya sakafu ndipo uzito wa zulia unapokudai. Zulia langu likibanwa lina unene wa milimita 4 hivi. Likizunguka kingo mbili za kifuniko, tayari milimita 8 zimeliwa, na kama na shimo lenyewe umelizungushia, ongeza nyingine 8. Kifuniko kilichokuwa kinaingia kwa ulaini hakiingii tena, au kinaingia na kugoma kutoka. Tulipiga randa kingo za vifuniko vyote kwanza, tukapaka epoksi, ile gundi ngumu isiyopitisha maji, mara mbili pale ambapo mbao ilibaki wazi, pamoja na ndani ya matundu ya skrubu, ndipo tukavisha. Pini za stepla ziwe za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida hutoa machozi ya kutu, na kwenye zulia la kijivu kutu haifuliki.

Haya, mikanda. Hapa ndipo wauzaji wanapostahili kuulizwa maswali.

Mkanda wa kubana ni ule wenye umbo la U, plastiki nje, na ndani yake vibanio vya madini vinavyong'ata ukingo. Unausukuma kwa mkono, huhitaji skrubu, na unaficha ncha ya zulia pale linapoishia kwenye mdomo wa faibaglasi. Wazo zuri mno. Wa kwanza niliouagiza ulitangazwa kuwa wa matumizi ya baharini. Ulipofika nikausogezea sumaku, ikanasa. Maana yake vibanio ni vya chuma cha kawaida, na kwenye ncha ulipokatwa chuma hicho kiko wazi kwa chumvi. Kutu ikianza ndani, plastiki inavimba na kupasuka kutoka tumboni, huku mgongo bado unang'aa. Nikaurudisha. Nawapa nyota moja kwa sababu walipokea bila ubishi. Wa pili una vibanio vya alumini, sumaku haikuujali, na mpaka sasa haujalegea.

Ila hata huo wa pili ulinichosha kwa jambo la vipimo. Ukurasa wa muuzaji unasema unashika unene wa milimita 1 hadi 4. Wanachokipima wao ni ukingo mtupu. Ukingo wangu ni milimita 4 bila kitu. Ukiongeza zulia lililobanwa juu yake unakaribia 8. Mwenye kuagiza kwa kufuata tangazo atapata mkanda usiopanda, na akiulazimisha kwa nyundo ya mpira, vibanio vinafunguka na havirudi kung'ata tena. Pima ukingo pamoja na zulia lililobanwa kwa vidole, kisha agiza kwa kipimo hicho. Sentensi hii ilipaswa kuandikwa kwenye ukurasa wao, si kwangu.

Mkanda mgumu wa ubavuni, ule unaozunguka boti nzima kwa nje na kuficha kiungo cha sitaha na bodi, watu huuona ni urembo na kinga ya gati. Kwangu ndio ulikuwa chanzo cha ile sehemu laini ya sakafu. Plastiki ya zamani ilikuwa imesinyaa, ikaacha nafasi kwenye ncha. Maji yakapata njia kupitia matundu ya skrubu, yakashuka ukutani nyuma ya zulia, yakajificha chini yake. Maji ndani ya boti mwendo wake ni ule wa methali, huenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, ila njiani hupitia plaiwudi. Ndiyo maana nasema anayebadilisha zulia bila kugusa mkanda wa nje anawanunulia ukungu makazi mapya.

Mkanda mpya ni wa plastiki ngumu wenye mfereji, na ndani ya mfereji unaingia ukanda laini wa kufunika skrubu. Tahadhari kabla ya kufungua: kwenye boti nyingi skrubu hizo ndizo zinazoshikilia sitaha na bodi pamoja, kwa hiyo usizitoe zote kwa mpigo. Fungua kipande, ziba matundu yaliyolegea kwa epoksi iliyokolezwa, toboa upya, weka silanti (dawa ya kuziba maji) ya poliuretani, funga, songa mbele. Silanti ya polisulfidi usiiguse hapa, inakula baadhi ya plastiki.

Kwenye pembe ya omo, mbele ya boti, mkanda haupindi ukiwa baridi. Tuliulaza juani ukiwa umekunjuliwa, kisha tukaumwagia maji ya moto pale pa kupinda, shemeji akivuta, mimi nikifunga. Mashine ya hewa ya moto ingefanya kazi hiyo kwa haraka zaidi, lakini iko karibu na zulia, na polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, kiwango ambacho mashine hiyo inakivuka bila jitihada. Ukanda laini wa ndani usivutwe. Pakaa maji ya sabuni, usukume taratibu, na uache sentimita chache zizidi kabla ya kukata siku inayofuata. Ukiuvuta ili utoshe, utarudi kwenye urefu wake na kuacha mwanya uleule uliokuwa unaukimbia.

Nilichowakata nyota na nusu hapo ni ufungashaji. Ulikuja umeviringishwa duara dogo hadi ukajikunja sehemu tatu, na mojawapo haikunyooka hata kwa maji ya moto. Na vifuniko vya ncha, vile vidogo vya kuziba mkanda unapoishia tezi, havikuwemo kwenye boksi. Huagizwa peke yake, na tangazo halisemi.

Kwa usafi natumia bomba la kawaida na brashi laini. Mashine ya presha naiweka mbali na kingo, kwa sababu maji yake yakipenya chini ya mkanda wa kubana yanainua zulia kuanzia ncha. Baada ya kuosha vifuniko vyote vinabaki wazi hadi chini pakauke.