Saint-Émilion: Ziara ya Kanisa la Mwambani kwa Macho ya Mtembeza Wageni wa Lamu

Nimetembeza wageni katika vichochoro vya Lamu kwa miaka kumi na tisa, na kwa hiyo nilipoingia mji mdogo wa Saint-Émilion, kusini-magharibi mwa Ufaransa, nilichokitazama kwanza hakikuwa mvinyo ulioupa mji huo sifa, bali namna mgeni anavyopokewa na kuelezwa. Ninayoyaandika hapa ni tathmini ya ziara ya kanisa la chini ya ardhi inayosimamiwa na ofisi ya utalii ya mji huo, pamoja na yale ambayo mtu wa pwani asiyekunywa pombe angependa kuyajua kabla ya kufunga safari. Nasema mapema kwamba sikujutia fedha niliyoitoa, na nikirudi nitaitoa tena.

Nilitoka Bordeaux kwa treni pamoja na mdogo wangu wa kike, ambaye anasoma huko. Safari haifiki saa moja, lakini kituo kiko bondeni, nje ya mji, na mtu hutembea kama dakika ishirini kati ya mashamba ya mizabibu kabla ya kuzifikia nyumba za kwanza. Anayesafiri na mzee au mgonjwa wa miguu apange gari mapema. Kwa mwenye nguvu, matembezi hayo ni sehemu ya ziara yenyewe, kwa sababu yanaonyesha kwamba mji na shamba havikutenganishwa: mizabibu imepandwa hadi karibu na kuta za kale. Mwaka 1999 UNESCO ilipoiandikisha Saint-Émilion katika Urithi wa Dunia, haikuandikisha mji pekee bali pia vijiji jirani, vinane kwa jumla ukiuhesabu na mji wenyewe, pamoja na mashamba yao. Sisi tuliandikishwa miaka miwili baadaye, mwaka 2001, kwa ajili ya mji wa kale. Nilipokuwa nikipanda kilima hicho niliyakumbuka mashamba yetu ya minazi na miembe yaliyo nyuma ya mji, na nikawaza jinsi mji wetu ungesomeka vizuri zaidi kama mgeni angefundishwa kuyaona hayo pia.

Kanisa lenyewe haliwezi kuingiwa bila kiongozi. Tikiti hukatwa kwa saa maalumu na kundi huingia pamoja. Ziara huanza katika pango dogo ambalo inasimuliwa kuwa Émilion, mtawa aliyetoka Vannes katika nchi ya Bretagne, aliishi humo katika karne ya 8 akiwa amejitenga na watu. Kuna chemchemi ya maji, na kuna kiti kilichochongwa katika jiwe ambacho wanawake wanaotamani watoto wamekuwa wakikikalia kwa imani ya kupata uzazi. Kiongozi wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alifanya jambo ambalo nimelipigania miaka yote katika kazi yangu: alipofika kwenye hadithi alisema wazi kuwa ni hadithi, na alipofika kwenye historia alituonyesha jiwe linaloithibitisha. Alitusimulia kuwa Émilion alikuwa akiwapelekea maskini mikate ya bwana wake, na siku aliposhikwa mikate ile iligeuka vipande vya kuni chini ya joho lake. Hakuibeza simulizi hiyo, wala hakuiuza kama habari ya jana.

Kutoka pangoni tulipita katika kikanisa cha Utatu na katika makaburi ya chini ya ardhi, kisha mlango wa kanisa kubwa ukafunguliwa. Hapo nilinyamaza. Ukumbi huo una urefu wa mita 38 na dari lililo mita 12 juu ya kichwa, na wote umechongwa ndani ya mwamba mmoja wa chokaa, kazi iliyofanyika tangu karne ya 11 hadi mwanzoni mwa karne ya 12. Mtu wa Lamu anajua kujenga kwa kuongeza: jiwe la matumbawe juu ya jiwe, chokaa juu ya jiwe, boriti juu ya ukuta, na upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Hawa walijenga kwa kupunguza. Nguzo hazikusimamishwa na mtu. Ni mwamba ulioachwa pale ambapo mwingine wote uliondolewa, na fundi aliyekosea pigo moja hakuwa na jiwe jingine la kuweka mahali pake. Niliishika nguzo mojawapo kwa macho kwa muda mrefu, hadi kundi likanitangulia.

Baadhi ya nguzo hizo sasa zimefungwa vyuma vikubwa. Mnara wa kengele umesimama juu ya dari hilo hilo, na unyevu unaopanda kutoka ardhini hulilainisha jiwe la chokaa, hivyo mwamba peke yake haukuaminika tena kuubeba mzigo huo. Wageni wengine walilalamika kuwa vyuma vinaharibu picha ya mahali. Mimi naviona kuwa ni uaminifu. Kila mwenye nyumba ya mawe hapa kwetu anamjua adui huyo, maana ameiona shura, ile chumvi ya ukutani, ikitoka na kuila lipu mwaka baada ya mwaka, na anajua kuwa nyumba isiyotegemezwa mapema hurudi kuwa kifusi. Shura hiyo hiyo ilitafutwa na watu humo ndani wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, wakazikwangua kuta ili kutengeneza baruti, na michoro mingi ya zamani ikapotea pamoja nayo. Kiongozi alitueleza hayo akiwa amesimama mbele ya ukuta mtupu, na huo ukuta mtupu ulinigusa kuliko michoro michache iliyosalia.

Nje ya kanisa mji unatembelewa bila malipo. Njia zake ni nyembamba na zinapanda kwa ukali, hasa zile wanazoziita tertre, ambazo zimetandazwa mawe yaliyolainishwa na nyayo. Mvua ikinyesha huteleza vibaya sana, na viatu vya ngozi laini havifai. Wenyeji husimulia kuwa mawe hayo yaliletwa na meli za Waingereza zilizokuja kuchukua mvinyo, yakiwa mzigo wa kuzituliza zisiyumbe baharini. Mdogo wangu aliposikia hivyo alisema, "Kaka, hawa nao mji wao umeletwa na bahari," ingawa bahari haionekani popote pale. Jambo moja nililolikosa ni daka, ukumbi wa mlangoni wenye baraza za kukalia. Katika Usita wa Mui, njia kuu ya Lamu, mgeni akichoka atakaa barazani, na mwenye nyumba atamwamkia. Huku nyumba zimeufunga uso wao na mahali pa kukaa ni mkahawani, kwa malipo.

Nilipanda pia Ngome ya Mfalme, mnara wa karne ya 13 unaotazama mji mzima. Juu yake ndipo watu wa Jurade, wakiwa wamevaa majoho mekundu, hutangaza kila Septemba kwamba mavuno ya zabibu yameanza. Jurade lilikuwa baraza la mji lililopewa mamlaka mwaka 1199 na Mfalme John wa Uingereza, aliyekuwa akilitawala pia eneo hilo la Ufaransa wakati huo. Lilizimwa na Mapinduzi, likafufuliwa mwaka 1948 likiwa chama cha kuulinda mvinyo wa mji. Sisi pia mui wetu uliwahi kuongozwa na wazee wa Zena na Suudi, makundi mawili ya mji, na ningefurahi sana kuona siku moja vijana wetu wakielezwa habari hizo mahali zilipotendeka badala ya kuzisikia darasani tu.

Kuhusu chakula, Mwislamu awe mwangalifu. Katika mkahawa mmoja karibu na uwanja wa soko niliuliza mara mbili kama nyama niliyoagiza imepikwa kwa mvinyo, nikajibiwa kuwa haikupikwa hivyo, kisha ikaja imemwagiwa mchuzi mwekundu wa bordelaise, ambao hutengenezwa kwa mvinyo. Niliirudisha, nikatozwa bei kamili, na sikuombwa radhi. Canelé, keki ndogo za rangi ya kahawia zinazouzwa kila pembe, hutiwa ramu. Lakini makaroni ya Saint-Émilion (biskuti, si tambi) yalinifariji: ni mapishi ya watawa wa Ursuline wa karne ya 17, ya lozi, sukari na ute wa mayai, laini na mepesi, tofauti kabisa na yale ya rangi rangi ya Paris. Hata hivyo muulize mwuzaji viungo vyote kabla ya kununua, kwa kuwa kila duka lina mkono wake. Nilinunua boksi mbili na moja ilifika Lamu salama.

Maduka ya mvinyo ni mengi mno. Katika njia nyingine nilihesabu matano yakifuatana bila duka la mboga wala la mkate katikati, na jioni wageni walipoondoka madirisha mengi ya juu yalibaki na giza. Hilo lilinihuzunisha kwa dhati, kwa sababu nimeona nyumba za Mkomani, mtaa wetu wa kale huko Lamu, zikinunuliwa na watu wanaokuja wiki mbili kwa mwaka, na najua kichochoro kisicho na sauti ya watoto kinavyosikika baada ya Isha.

Siku moja inatosha kwa asiyeonja mvinyo. Afike asubuhi, akate tikiti ya kanisa kabla ya jambo jingine lolote, maana majira ya joto nafasi huisha upesi, apande mnara kabla ya jua kuwa kali, na abebe chakula chake mwenyewe. Ratiba ya treni ya kurudi aitazame kituoni anapofika, kwa kuwa kutoka mjini hadi huko ni mteremko wa dakika zile zile ishirini, na usiku njia ile haina taa za kutosha.