Miezi minane na orodha ya maneno 570: uzoefu wangu wa kujenga msamiati wa Kiingereza

Mwezi wa pili wa masomo yangu ya shahada, mhadhiri alinirudishia kazi ya kurasa nne ikiwa imejaa wino mwekundu. Sarufi haikuwa tatizo. Karibu kila alama ilikuwa juu ya neno: hapa nimeandika "make a research", pale "discuss about", huku "evidences". Kwenye aya moja nilisema tofauti kati ya wodi mbili ni "significant", naye akaandika pembeni: ni kipimo gani cha takwimu kimeonyesha hivyo? Mimi nilimaanisha tu kwamba tofauti ni kubwa.

Mimi ni muuguzi. Nina diploma na miaka tisa ya kazi wodini, zamu nyingi zikiwa za usiku, na sasa nasomea shahada wikendi hapa Nairobi. Kiingereza nimekuwa nacho tangu shule ya msingi. Naandika ripoti za zamu kwa Kiingereza, naongea na madaktari kwa Kiingereza, naeleweka. Wengi humu mjini tuko hivyo. Lakini tukikalia insha ya chuo, maneno yanakwama kooni, na yale machache tuliyo nayo tunayachosha kwa kuyarudia. Ninaandika haya kwa mtu wa aina hiyo. Anayeanza Kiingereza kutoka mwanzo atahitaji njia nyingine.

Nilianza kwa kulipia programu ya simu, shilingi 650 kwa mwezi. Sitaitaja jina. Ilikuwa inanipa neno moja, picha, tafsiri ya Kiswahili, kisha pointi. Siku iliponipa "issue" tafsiri ilikuwa "toleo". Ni kweli, toleo la gazeti ni "issue", lakini kwenye vitabu vyangu vya afya ya jamii "issue" ni suala, jambo linalojadiliwa, na maana hiyo programu haikuigusa kabisa. Nilikuwa napata pointi nyingi na kuandika vibaya vilevile. Mwezi wa pili walikata pesa tena kabla sijajua kwamba usajili unajirudia wenyewe. Nikaizima.

Kilichonisaidia ni kitu ambacho hakiuzwi. Ni orodha ya maneno ya kitaaluma iliyotungwa na Averil Coxhead, mtafiti wa New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2000. Inapatikana bure kwenye intaneti. Niliipakua nikaichapisha saiba kwa shilingi 60. Coxhead alikusanya maandishi ya chuo kikuu yenye jumla ya maneno milioni 3.5 kutoka masomo 28 ya sanaa, biashara, sheria na sayansi, akatafuta yale yanayojirudia kila mahali bila kujali somo. Akayaondoa maneno 2,000 ya kawaida yaliyokuwa tayari kwenye orodha ya Michael West ya mwaka 1953. Yaliyobaki yakawa jamii 570 za maneno, kila jamii ikiwa neno na ndugu zake wa shina moja, zimepangwa katika mafungu 10, fungu la kwanza likiwa la yale yanayotumika zaidi: "analyse", "assume", "derive", "factor", "indicate", "interpret", "vary" na wenzao.

Hesabu yake ndiyo iliyonifanya nikae chini kwa bidii. Katika maandishi ya kitaaluma, yale maneno 2,000 ya kawaida yanachukua karibu asilimia 76 ya ukurasa. Hizi jamii 570 zinaongeza asilimia 10 nyingine. Lakini kwenye hadithi za kubuni, orodha hiyohiyo haizidi asilimia 1.4. Hapo nikaelewa kwa nini riwaya zote nilizosoma kwenye zamu za usiku hazikunisaidia kuandika insha. Nilikuwa nachota kwenye kisima ambacho maneno haya hayamo.

Kadi zangu nilizikata kutoka karatasi za manila, zile za shuleni, shilingi 30 moja. Mdogo wangu alinitafutia sanduku la viatu, tukaligawa vyumba vitano kwa vipande vya katoni. Mpango huu ulielezwa miaka ya 1970 na Sebastian Leitner, mwandishi wa habari wa Kijerumani. Kadi mpya inakaa chumba cha kwanza na unaipitia kila siku. Ukiijibu sawa inasogea chumba cha pili, ambacho mimi nakipitia kila siku ya tatu, halafu cha kila wiki, cha kila wiki mbili, hadi cha kila mwezi. Ukikosea, hata kama imefika chumba cha tano, inarudi cha kwanza. Unachorudia sana ni kile usichokijua, na kile unachokijua hakikuli muda. Kwa mtu anayetoka zamu saa moja asubuhi na kupanda matatu ya 58 kuelekea Buruburu, hilo ni jambo kubwa. Msongamano wa Jogoo Road unanipa dakika 40, na kadi 30 zinatosha mfuko wa koti.

Lakini wiki tano za kwanza zilipotea. Niliandika neno la Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, nikakariri maneno 125. Nilikuwa nayataja yote bila kusita. Kazi iliyofuata ya chuo ilirudi na wino uleule.

Nilikaa na ile kazi jikoni usiku mzima nikitafuta kosa liko wapi. Nilichokiona ni kwamba nilikuwa nayajua maneno bila kujua yanatembea na nani. Kiswahili kinajadili kuhusu jambo, kinasisitiza juu ya jambo, nami nilikuwa nimebeba ile "kuhusu" na ile "juu ya" nikazipeleka kwenye Kiingereza: "discuss about", "emphasize on". Kwa Kiingereza sanifu vitenzi hivyo viwili havitaki kiungo chochote hapo. Vinashika jambo moja kwa moja. "Research" nayo haihesabiki. Huwezi kusema tafiti mbili kuwa "two researches". Unasema "two studies". Na haitengenezwi, inafanywa: "conduct research", "carry out research". Kamusi ya maneno kwa maneno haiwezi kukuambia hayo.

Nikazitupa kadi zote 125 na kuanza upya. Sasa mbele ya kadi naandika sentensi niliyoikuta mwenyewe kwenye kitabu cha kozi au ripoti ya wizara, nikiacha pengo mahali pa neno. Nyuma naandika neno, wenzake wanaoandamana nalo, na ndugu zake. Kadi ya "consist", kwa mfano, nyuma ina "consist of", kisha "consistent with", kisha "consistently". Chini nimeandika onyo kwa wino mwekundu: haisemwi "is consisted of". Kadi ya "evident" ina "there is evidence that" na "the evidence suggests", na onyo kwamba "evidence" haichukui "s" ya wingi. Kuandaa kadi moja ya namna hii kunachukua dakika tano au sita. Kwa hiyo nilishuka kutoka maneno 25 kwa wiki hadi 15, na sikujuta.

Kuhusu ndugu wa neno, nadhani sisi tunaotumia Kiswahili tuna mtaji ambao hatuutumii. Tumekua na soma, somo, msomaji, usomaji, someka, somesha. Hakuna aliyetufundisha kwamba hiyo ni jamii moja; tunaisikia tu. Kwa hiyo "analyse", "analysis", "analyst" na "analytical" hazikunitisha hata kidogo. Kilichonisumbua ni shadda, ule mkazo wa sauti kwenye silabi. Kwetu inakaa silabi ya pili kutoka mwisho, neno lirefuke au lifupike. Kwa Kiingereza inahamahama: "analyse" iko mwanzoni, "analysis" imesogea silabi ya pili, "analytical" iko ya tatu. Nilipigia mstari silabi yenye shadda kwenye kila kadi, na nilisoma kwa sauti nikiwa peke yangu nyumbani. Siku ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa hilo lilinisaidia kuliko nilivyotarajia.

Hapo sasa kuna jambo ambalo orodha haisemi. Inadhani maneno ya kila siku unayo. Mimi pia nilidhani hivyo.

Shosho mmoja aliyelazwa kwetu aliniambia usiku, "Sista, huu mguu unanichoma sana." Nikaandika kwenye faili "leg pain". Asubuhi mwenzangu aliyenipokea akaanza kukagua goti na muundi, kumbe shosho alikuwa anasema wayo. Ni mgonjwa wa sukari, na wayo unaochoma kwa mgonjwa wa sukari si jambo la kuandikwa ovyo. Bahati nzuri mwenzangu alimuuliza tena kwa Kiswahili, akaonyesha kwa kidole, na hakudhurika. Lakini nilikaa na jambo hilo siku nzima. Kiswahili kinasema mguu kuanzia pajani hadi kwenye vidole. Kiingereza kinakata, huku "leg", kule "foot". Mkono ni hivyohivyo, "arm" na "hand". Kidole ni "finger" kikiwa juu na "toe" kikiwa chini. Nasi tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu na tunasikia sauti, ilhali Kiingereza kina neno lake kwa karibu kila moja. Kuazima nako kunafanya kazi pande zote mbili, "lend" na "borrow", ndiyo maana mtaani utasikia mtu akisema "borrow me your pen" akitaka kuazimwa kalamu.

Basi nikafungua sanduku la pili, dogo, la maneno ya kila siku. Humo sikuweka orodha ya mtu. Naweka kile kilichonikwamisha wiki hiyo: "ankle", "shin", "throw up", "pass out", "put off". Rafiki yangu mmoja aliyekwenda kufanya kazi Uingereza, baada ya nchi zetu mbili kutia saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, alinisimulia kwamba mgonjwa alimwambia "I feel poorly" naye akadhani analalamikia huduma. Kule "poorly" ni kuumwa tu. Hiyo nayo ina kadi.

Nilipokuwa na masanduku mawili mezani nikaona jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha. La kwanza limejaa maneno marefu yenye asili ya Kilatini, Kifaransa na Kigiriki. La pili limejaa maneno mafupi ya Kiingereza cha kale. Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na Kilatini kikabaki cha kanisa na wasomi, huku mkulima akiendelea na lugha ya mama yake. Ndiyo sababu kuna "ask" na "inquire", "get" na "obtain", "show" na "demonstrate". Sisi nasi tuna kuwaza ya Kibantu na kufikiri ya Kiarabu, na tunajua bila kufundishwa ni lipi linakaa wapi. Tangu hapo nikiandika insha najiuliza neno hili limetoka sanduku gani. Na simaanishi kwamba neno refu ndilo bora. Mgonjwa wako ukimwambia "commence" badala ya "start" hujamsaidia.

Kuhusu kamusi, nilinunua ya mitumba kwa wauza vitabu wa barabarani karibu na mtaa wa Tom Mboya, shilingi 350, kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Usichukue ya Kiingereza kwa Kiswahili kwa kazi hii, ingawa nayo ina mahali pake. Fungua neno "benefit" ukiwa bado umesimama hapo kwa muuzaji: kama haikuonyeshi "benefit from" na sentensi ya mfano, rudisha. Toleo la zamani halina shida, maneno haya hayajabadilika.

Ukiacha ile programu ya simu, gharama yote haikufika shilingi 700. Muda ndio ghali: dakika 40 kila siku na saa moja na nusu Jumapili ya kutengeneza kadi.

Mpaka sasa, miezi minane, kadi 410 zimeshaingia sandukuni na 290 ziko chumba cha mwisho. Wiki za mtihani nilisimama kabisa. Pendekezo langu la utafiti lilirudi mwezi uliopita likiwa na masahihisho saba ya maneno katika kurasa kumi na mbili. Mhadhiri yuleyule. Kusoma kwangu pia kumebadilika. Makala iliyokuwa inanichukua jioni mbili sasa naimaliza kwa moja.

Mtu wa afya ajue mapema kwamba tiba haikuwa kati ya yale masomo 28, kwa hiyo maneno kama "chronic" na "dose" hutayakuta kwenye orodha. Nimeanza kuyakusanya mwenyewe kwenye daftari, yamefika 60. Mwanasheria au mhasibu amehudumiwa vizuri zaidi. Na kama huna kazi ya kuandika kwa sasa, subiri, kwa sababu kadi isiyopata sentensi ya kuingia haikai kichwani.

Fungu la kumi, la mwisho, lina maneno 30 tu, na mengine nimeyawahi kwa kuwa nayakuta kila siku kazini. Ndimo lilimo "notwithstanding", ambalo limerudi chumba cha kwanza mara sita. Leo asubuhi nimelikuta kwenye mwongozo wa wodi, kwenye sentensi kuhusu saa za wageni kuona wagonjwa. Nimeichana kadi ya zamani na kuandika hiyo.