Peponi ya Gurnah imenirudisha dukani kwa babu

Nimemaliza kusoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Nilikinunua kwenye duka la vitabu la TPH, barabara ya Samora, Dar es Salaam. Tangu Gurnah apewe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021 nilikuwa na hamu ya kumsoma kwa Kiswahili, na hii ndiyo niliyoanza nayo, ingawa kwa Kiingereza ilitoka zamani, mwaka 1994.

Yusuf, mtoto wa miaka 12, anapanda treni na tajiri Aziz akidhani anakwenda kutembea. Kumbe baba yake anadaiwa, na malipo ni yeye. Anafikishwa pwani, kwenye duka la tajiri, anamkuta Khalil aliyemtangulia kuwekwa rehani kwa sababu hiyohiyo. Ni miaka ya mwishomwisho kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani wanazidi kuishika nchi na misafara ya biashara ya bara inakaribia kufa.

Mimi nilikwama dukani. Yusuf na Khalil wanalala nje, barazani, na kukicha kazi ni ileile ya kuuza mpaka usiku. Babu yangu alikuwa na duka Korogwe, na palikuwa na kijana tuliyeambiwa ni ndugu. Naye alikuwa akilala barazani, juu ya jamvi. Mikono yake naikumbuka kuliko sura: anachana ukurasa wa gazeti, anauzungusha ukawa pembe, anakunja ncha ya chini kwa kidole gumba, anamimina sukari kutoka kwenye mzani, kisha anafunga juu bila kudondosha hata punje. Nilikuwa nakaa juu ya gunia la mchele nikimwangalia tu. Harufu ya mafuta ya taa haikumtoka hata baada ya kuoga. Jioni sisi tukiitwa ndani kula, yeye sahani yake ilitolewa nje. Babu alikuwa mpole, sikumbuki akimfokea. Lakini shule hakwenda, na wazazi wake sikuwaona wakija hata sikukuu. Siku moja akawa hayupo, na jina lake likaacha kutajwa.

Nilipofika pale Khalil anapomweleza Yusuf bila kuficha kwa nini yuko pale, nilifunga kitabu nikampigia mama. Nikamuuliza yule kijana wa dukani alikuwa ndugu yetu kwa upande gani.

“Aliletwa na baba yake, mwanangu,” akasema. “Wakati ule watu walikuwa wakileta watoto.”

Hapo ndipo ninapompa Gurnah heshima yangu yote. Aziz wake si katili. Ananukia vizuri, anaongea taratibu, na kila alipokuwa akifika kwa akina Yusuf alimwachia mtoto sarafu. Uovu unapita mikononi mwa watu wastaarabu wanaoswali na kukaribisha wageni, ndiyo maana nyumba nzima inaweza kuishi nao bila kuuliza. Na yupo Mzee Hamdani, mtunza bustani, mtumwa aliyeambiwa yuko huru akabaki palepale, kwa hoja kwamba uhuru wake haukuwa mali ya mtu mwingine hata aje ampe. Kurasa zile nilizisoma na kuzirudia.

Sehemu ya safari ya bara, mpaka kwa mtawala aitwaye Chatu, inataka subira. Majina ni mengi, wapagazi wanaugua, msafara unavuliwa mali, na kuna mahali nilitamani turudi upesi pwani, kwenye ile bustani yenye birika la maji na miti ya matunda. Usiiruke lakini; bila safari ile hutaelewa anachokifanya Yusuf mwishoni.

Kwa aliyelelewa kwa shangazi, kwa ami au kwa tajiri wa mjini, kitabu hiki kitauma, naye ndiye ningependa akisome kwanza. Nakala yangu nimempelekea mama. Amekimaliza, na sasa tunabishana juu ya ukurasa wa mwisho: yeye anasema Yusuf hakuwa na njia nyingine, mimi nasema alikuwa nayo. Tumekubaliana jambo moja, kwamba tutaanza kuulizia Korogwe yule kijana alikwenda wapi.