Gari la Wazi la Kuweka kama Akiba: Lipi Linunuliwe Kabla Bei Haijapanda?

Rodista ni gari la viti viwili, paa linafunguka, na buti haitoshi mzigo wa maana. Kwa hesabu za usafiri wa kila siku halina kazi, na ndiyo sababu mengi ya yale yaliyotengenezwa kati ya 1989 na 2005 bado yanapatikana kwa bei ya chini. Wapo wanaoyanunua sasa wakiamini kwamba baada ya miaka kumi yatakuwa yanatafutwa kwa tochi.

Matumaini hayo si ya bure, ila faida yake ina walaji wengi: bima, tairi zinazozeeka hata gari likiwa limesimama, mahali pakavu pa kulilaza. Gari likipanda bei kwa theluthi moja huku umelifanyia oveholi ya injini, hujapata kitu. Kwa hiyo nimeyapanga magari haya kwa kuuliza lipi litakula pesa kidogo wakati unasubiri. La kupanda zaidi ya yote ni swali la pili.

1. Mazda MX-5, kizazi cha pili (1998–2005)

Hakuna atakayeshangaa kuiona Mazda juu. Kinachobishaniwa ni kizazi kipi. Kile cha kwanza, kilichozinduliwa Chicago Februari 1989 na taa zake za kuinuka, wakusanyaji wameshakivamia. Mwaka 2017 Mazda yenyewe ilitangaza mpango wa kuyakarabati magari hayo kule Japani. Zuri bado linapatikana, lakini si kwa bei ya kuokota.

Kizazi cha pili kinadharauliwa kwa sababu taa zake hazifumbi wala kufumbua macho. Dharau hiyo ndiyo nafasi yako. Muundo wa chini ni ule ule ulioboreshwa, uzito unazidi tani moja kidogo tu, dirisha la nyuma ni la kioo badala ya plastiki inayopauka, na spea zimejaa. Injini ya 1.8 ikibadilishiwa mafuta kwa wakati haina makuu.

Adui ni kutu. Maji ya paa hushuka kwa mirija midogo nyuma ya viti. Ikiziba uchafu, maji yanatuama ndani ya bodi chini ya milango na kuila kutoka ndani, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Hapo utaona rangi imevimba kama malengelenge. Kubaya zaidi ni kwenye boriti za chasisi za mbele, ambazo kwa kizazi hiki zina bati mbili zilizobanana na kushika unyevu katikati. Lazima gari linyanyuliwe, mtu aingie chini na tochi. Muuzaji akikataa gari linyanyuliwe, ameshakujibu.

2. BMW Z3 ya silinda sita (ya 2.8 au 3.0)

Ilitengenezwa South Carolina, Marekani, kuanzia 1995 hadi 2002. Ya silinda nne iache: inaonekana vile vile lakini mnunuzi wa kesho hataitamani. Silinda sita za mstari ndizo watu watakazozikumbuka, kwa sauti na kwa ulaini wake.

Inua kapeti ya buti. Difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, imening'inizwa kwenye sakafu hiyo, na gari likiendeshwa kwa fujo, bati hupasuka na alama za kuchomelea huachia. Ukiona ufa, hesabu kazi kubwa ya bodi. Upande wa kupoza injini umejaa plastiki inayokauka na kupasuka, kwa hiyo rejeta, pampu ya maji na mipira yake ni vya kubadilishwa kwa pamoja mara tu unaponunua. Ile ya M, toleo la kasi zaidi, imeshatoka kwenye kundi la bei nafuu.

3. Toyota MR2, kizazi cha tatu (1999–2007)

Injini iko katikati, gari lina uzito wa karibu tani moja, na spea nyingi za injini yake ya 1.8 zinaingiliana na za Corolla na Celica. Kwa raha ya kuendesha linaweza kuishinda Mazda. Limeshuka hadi hapa kwa sababu moja: katalisti ndogo (visafisha moshi) zilizo kwenye manifoldi ya eksozi, pale moshi unapotokea injini, humomonyoka, na vumbi lake hurudi kuvutwa ndani ya silinda. Za miaka ya mwanzo pia hula mafuta kupitia ringi za pistoni. Pima mafuta kwa kijiti kabla ya kuwasha, kisha angalia moshi wa bluu. Iliyokwisha kuondolewa katalisti hizo mapema si mbaya, mradi sheria za moshi za unakoishi zinaruhusu.

Buti? Hakuna. Kuna visanduku viwili nyuma ya viti.

4. Porsche Boxster 986 (1996–2004)

Hili ndilo linaloweza kupanda kuliko yote hapa, na ndilo linaloweza kukufilisi. Injini ya silinda sita zilizolala, nembo ambayo haihitaji maelezo, na bei iliyoshuka mno kwa sababu ya beringi moja: ile ya shafti ya kati ndani ya injini. Ikivunjika, injini yote imekwenda. Za mwanzo, zenye ukubwa wa 2.5, zilikuwa na beringi ya safu mbili inayovumilia zaidi. Gia boksi ikishushwa kwa ajili ya klachi, beringi inaweza kubadilishwa hapo hapo, kwa hiyo tafuta gari lenye risiti za kazi hiyo. Bila risiti, punguza bei kwa gharama yote ya kazi au ondoka.

5. MGB (1962–1980)

Zilitengenezwa zaidi ya nusu milioni, na hata bodi mpya nzima inaweza kununuliwa. Fundi yeyote mwenye akili anaielewa. Tatizo ni kwamba imeshakuwa ya kale kitambo. Kupanda kwake kumeshatokea. Nunua yenye bampa nyeusi za mpira ukitaka ya bei ya chini, ila usiiite uwekezaji.

Mawili nimeyaacha nje ya orodha. Mercedes SLK ya kwanza ina paa la chuma linalojikunja kwa hidroliki zinazovuja, na tena hupata kutu. Honda S2000, yenye injini ya mizunguko 9,000 kwa dakika, ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa imeshapaa.

Lolote utakalochagua, chukua la gia za mkono, lisilobadilishwa redio, usukani wala magurudumu. Kama yalibadilishwa, vile vya kiwandani viwepo kwenye boksi. Kilomita nyingi zenye daftari la matengenezo ni bora kuliko chache zisizo na maelezo.

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Injini iliyokwisha pata moto huficha kasoro zake, kwa hiyo ukiikuta ina joto, panga siku nyingine.