Uzoefu wangu: nilimlipa wakala anipangie safari ya visiwa vya Grenadines

Mwezi Februari 2025 mimi, mume wangu na mama yangu mdogo tulitoka Toronto, tunakoishi, tukaenda kutembea kwa siku kumi katika visiwa vya Grenadines, ule mlolongo wa visiwa vidogo unaoanzia kusini ya kisiwa cha St. Vincent na kuteremka hadi Grenada. Kwa kuwa sote watatu tunafanya kazi za zamu na hatukuwa na nafasi ya kukaa chini tukachambua ratiba za vivuko, nilimlipa wakala mmoja wa mtandaoni dola 280 za Kanada atupangie kila kitu: malazi, vivuko, boti za kukodi na mpangilio wa siku. Simtaji jina kwa sababu shauri letu naye lilikwisha kwa maelewano; nitakachoeleza ni huduma yenyewe, namna nilivyoipata.

Ratiba aliyotutumia ilikuwa nzuri kuitazama. Visiwa vitano, St. Vincent, Bequia, Canouan, Mayreau na Union, na siku ya mwisho kuvuka hadi Carriacou, kila safari ikiwa imeandikiwa saa ya kuondoka na saa ya kufika kana kwamba tunapanda daladala kutoka kituo hadi kituo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kusikia wavuvi wakitaja kaskazi na kusi kabla ya kutaja tarehe, na nakiri kwamba nilipoiona karatasi ile isiyo na hata neno moja kuhusu upepo moyo wangu ulisita. Nikajiambia kwamba huenda bahari ya huko ni nyingine. Si nyingine. Kuanzia Desemba hadi Februari kule huvuma pepo kali kutoka mashariki na kaskazini-mashariki, ambazo wenyeji wanaziita pepo za Krismasi, na njia ya maji iliyopo kati ya St. Vincent na Bequia, ingawa ni fupi, inajulikana kwa mawimbi yake.

Kosa la kwanza tulilipata siku ile ile ya kuwasili. Uwanja wa ndege wa Argyle, uliofunguliwa mwaka 2017, uko pwani ya mashariki, na gati la vivuko vya Grenadines liko Kingstown, upande wa pili, mwendo wa nusu saa au zaidi kwa gari ikiwa barabara haina foleni. Wakala alikuwa ametuachia saa moja tu tangu ndege kutua hadi kivuko cha jioni kuondoka, bila kuhesabu uhamiaji wala kungoja mizigo. Tulifika gatini kivuko kikiwa kimeshatoka, tukiona taa zake tu. Tukalala Kingstown kwa gharama yetu, huku chumba tulichokwisha kukilipia Bequia kikilala kitupu.

Lakini hasara ile ilituletea asubuhi ambayo sikuipanga na ambayo mama mdogo anaisimulia hadi leo. Tulipoingia sokoni Kingstown alisimama ghafla mbele ya meza ya mama mmoja, akaliokota tunda la kijani lenye ngozi ya vipele, akaligeuza mkononi na kuniambia, “Mwanangu, hili si shelisheli?” Lilikuwa shelisheli kweli, na huko ndicho chakula chenyewe: huchomwa zima juu ya moto hadi ganda liwe jeusi, likamenywa na kuliwa kwa samaki wa kukaanga, na Wavinsenti wanakihesabu kuwa chakula chao cha taifa. Miche ililetwa na Kapteni William Bligh mwaka 1793 kutoka Tahiti, ili wenye mashamba ya miwa wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa, na ilipokelewa katika bustani ya mimea ya Kingstown iliyoanzishwa mwaka 1765. Bustani hiyo bado ipo, na unaweza kuifikia kwa gari katika dakika chache kutoka sokoni. Wakala hakuwa ameiandika popote. Katika karatasi yake Kingstown ilikuwa mahali pa kubadilishia chombo tu.

Bequia alituchagulia vizuri, na hapo nampa haki yake kamili. Kivuko huchukua kama saa moja, na kinafanana sana na vyombo vya kwetu: magari yanaingia kinyumenyume, katikati yake kuna magunia ya vitunguu, godoro la mtu, na watoto wa shule wasiotikiswa na wimbi lolote. Nyumba ya wageni aliyotutafutia ilikuwa Port Elizabeth, karibu na njia ya miguu inayofuata ukingo wa maji hadi ufuo wa Princess Margaret, ikawa mama mdogo mwenye magoti mabovu aliweza kwenda kuoga baharini kila siku bila teksi. Mume wangu alipotea kwa nusu siku nzima katika karakana ya mafundi wanaochonga mashua ndogo za mapambo, ambao huzipaka rangi na kuzifunga kamba moja moja kwa uzi. Bei zao si za mchezo, lakini ukikaa ukamtazama fundi akipiga msasa ubavu wa mashua usiozidi urefu wa kiganja, utaacha kubishana.

Siku tuliyopaswa kuondoka Bequia kwenda Canouan tulifungasha mizigo, tukateremka gatini saa mbili asubuhi, na mkata tiketi akatuangalia kwa huruma. Meli ya visiwa vya kusini haikuwa na safari siku hiyo. Hapa ndipo kilipo kiini cha lalamiko langu. Vivuko vya Bequia hutoka mara kadhaa kwa siku, lakini meli zinazoshuka Canouan, Mayreau na Union zina siku zake maalumu katika wiki, na ratiba hubadilika. Mtu anayeuza huduma ya kupanga safari ya visiwa anapaswa kuanza na siku za meli, kisha ndipo atafute vyumba vya kulala. Wakala wetu alifanya kinyume. Alipanga vyumba kwanza, kisha akajaza vivuko katika nafasi zilizobaki.

Tukaiacha Canouan, tukaongeza usiku mmoja Bequia, tukaenda moja kwa moja Mayreau. Kisiwa hicho kina watu takriban 300, kijiji kimoja juu ya kilima, na hakina benki, kwa hiyo fedha taslimu ni lazima utoke nazo Bequia. Sarafu ni dola ya Karibi ya Mashariki, ambayo tangu mwaka 1976 imefungwa kwenye kiwango cha 2.70 kwa dola moja ya Marekani, na jambo hili dogo linaweza kukuumiza mfukoni. Nilipomuuliza mwenye boti bei ya kutupeleka Tobago Cays alisema “mia tatu” na kunyamaza. Nikauliza za wapi. Akacheka, akasema za hapa, yaani kama dola 111 za Marekani kwa chombo kizima. Nisingeuliza ningekuwa nimeshaanza kuhesabu noti za Marekani.

Nahodha huyo alikataa kutupeleka siku ya kwanza kwa sababu ya upepo, na ratiba ya wakala haikuwa na siku ya akiba, lakini kwa kuwa tulikuwa tumeshaivuruga, tulingoja. Siku ya pili tukaenda. Tobago Cays ni visiwa vitano visivyo na wakazi vilivyokingwa na mwamba wa matumbawe wenye umbo la kwato ya farasi. Karibu na kisiwa cha Baradal maji yamezungushiwa maboya kuwa eneo la kasa, na kasa mmoja alikuwa akila majani ya baharini chini yangu, akinyofoa taratibu kama mbuzi, akipanda kuvuta pumzi mara moja na kurudi kwenye chakula chake. Nyuma ya mwamba mawimbi yalikuwa yanapasuka kwa kishindo. Ukinyoosha mstari kwenda mashariki kutoka hapo, nchi kavu inayofuata ni pwani ya Senegal.

Kuhusu Union nina hasira kidogo. Kimbunga Beryl kilipita hapo tarehe 1 Julai 2024 na kuharibu sehemu kubwa sana ya nyumba za kisiwa hicho, habari iliyotangazwa dunia nzima, na bado wakala alituwekea usiku mbili katika nyumba ya wageni ambayo, nilipopiga simu kutoka Mayreau, niliambiwa paa lake halijarudishwa. Mwenye nyumba alisikitika kuliko mimi. Tulilala kwa jamaa yake, tukakuta turubai juu ya mapaa na mafundi kila kona, na watu waliofurahi kupata wageni wa kuwanunulia chakula.

Carriacou hatukufika. Nilitamani sana kuiona, maana ufundi wa mashua za mbao wa kisiwa hicho na Petite Martinique uliingizwa mwaka 2023 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, na mtoto wa pwani ya majahazi hawezi kupita karibu na jambo kama hilo bila kuwashwa. Ila Carriacou ni nchi nyingine, ni ya Grenada, na ratiba iliyoandika “dakika chache kwa boti” haikutaja kugonga muhuri wa kutoka Union wala wa kuingia upande wa pili. Muda wa kufanya hayo hatukuwa nao.

Tuliporudi nilimwandikia wakala barua ndefu. Alinirejeshea malipo ya nyumba ya Union na ya usiku uliopotea Bequia. Ada yake ya dola 280 alibaki nayo. Nampa nyota tatu kati ya tano, mbili kati ya hizo zikiwa za chumba cha Port Elizabeth. Atakayetaka kumtumia wakala wa namna hii amwombe malazi peke yake, visiwa visizidi vitatu kwa siku kumi, na siku za meli azithibitishe mwenyewe kwa simu wiki moja kabla.