Hyundai Sonata ya 2011 Hadi 2014 ya Mkono wa Pili: Uliza Rikoli Kabla ya Kuuliza Bei

Ko-ko-ko-ko. Sikilizeni huo mlio, ndugu watazamaji. Unatoka chini kabisa ya injini na unazidi kila mguu unapokanyaga mafuta. Fundi akiusikia huo anazima gari kwanza, maneno baadaye. Beringi ya konrodi, yaani ya ule mkono unaounganisha pistoni na shafti kuu ya injini, imekwisha. Injini inanoki, yaani inagonga kwa ndani.

Hiyo ni rekodi ya gari langu la zamani, si hili la leo, na aina yake siitaji. Nililinunua likiwa safi, rangi inang'aa, kilometa chache. Mwezi wa nane injini ikafia barabarani. Kumbe miaka miwili kabla sijalinunua, kiwanda kilikuwa kimeshatangaza kasoro ya injini ile na kuwaita wenye magari wakarekebishiwe bure. Ndiyo inayoitwa rikoli. Barua alipelekewa mwenye gari wa kwanza, na mimi nilikuwa wa nne. Barua hufuata anwani, haifuati gari. Linaniuma mpaka leo, kwa sababu tangazo lilikuwepo na mimi sikuuliza.

Haya, Sonata. Kwa kukaa ndani nalipenda sana: miguu ya abiria wa nyuma ina nafasi, buti ni pana, usukani mwepesi. Hapo sina ubishi. Tufungue boneti.

Injini inayohusika na rikoli ni Theta II, ya lita 2.4 au ile ya turbo ya lita 2.0. Mwezi Septemba 2015 Hyundai iliita Sonata za 2011 na 2012 zipatazo 470,000 huko Marekani. Mwezi Machi 2017 wito ukapanuliwa ukafika Sonata na Santa Fe Sport za 2013 na 2014, pamoja na ndugu zao wa Kia: Optima, Sorento na Sportage. Hayo nayo yalikuwa kama milioni 1.2.

Kasoro yenyewe ni ndogo kwa macho. Krankishafti, ndiyo ile shafti kuu, ina vinjia vya kupeleka oili kwenye beringi. Vinjia hivyo vilipotobolewa kiwandani, chembe za chuma zilibaki ndani bila kusafishwa vizuri. Sasa beringi haikai juu ya chuma, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Chembe zikiziba njia, utando unakatika, chuma kinasaga chuma, beringi inazunguka mahali isipotakiwa kuzunguka, na mwisho konrodi inakatika na kutoboa bloku, yaani mwili wa injini. Ukifika hapo, hakuna ovahoo. Unatafuta injini nyingine.

Mambo hayakuishia gereji. Mwezi Novemba 2020 mamlaka ya usalama wa magari ya Marekani, NHTSA, ilifikia makubaliano ya adhabu na kampuni hizo: dola milioni 140 kwa Hyundai na milioni 70 kwa Kia, kwa kuchelewa kuita magari na kutoa taarifa zisizo sahihi.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia, naomba tutulie kidogo. Muuzaji akikwambia "rikoli ilishafanyika," muulize: ilifanyikaje? Injini iliyokutwa mbovu ilibadilishwa. Iliyofaulu kipimo ilirudi barabarani ikiwa ileile. Baadaye ikaongezwa programu inayotumia sensa ya kunoki kusikiliza mtikisiko wa beringi. Ikisikia dalili, taa ya injini inawaka na kuzimika, nguvu inapunguzwa, na mashine ya kusomea hitilafu inatoa namba ya kosa P1326. Programu hiyo inaonya tu. Beringi iliyoanza kulika haiponyi. Kwa hiyo taka karatasi inayoonyesha injini imebadilishwa. Asiyekuwa nayo, hesabu kwamba injini ni ya zamani na upange bei kwa hesabu hiyo.

Kuangalia rikoli ni kazi ya dakika mbili. Chukua namba ya chesisi kwenye gari lenyewe, si kwenye tangazo. Ina herufi na tarakimu 17, na haitumii I, O wala Q, hivyo ukiona O ujue ni sifuri. Gari lililouzwa Marekani utaliangalia kwenye tovuti ya NHTSA. Lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani lina namba fupi yenye kistari katikati. Hilo tovuti ya Marekani haitalitambua, nenda kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni iliyoliunda. Wala usimtegemee muuzaji. Hata Marekani kwenyewe, sheria ya shirikisho haimkatazi mfanyabiashara kuuza gari lililotumika likiwa na rikoli ambayo haijafanyiwa kazi.

Kisha nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukikuta imeshapashwa moto kabla hujafika, omba siku nyingine. Chomoa kijiti cha oili uone kiwango. Mwenye gari akikubali, mwaga oili, kata filta, tandaza karatasi yake juani. Ikimetameta, hizo ni chembe za beringi, ondoka. Sumaku haisaidii sana hapo, uso wa beringi nyingi ni wa alumini au shaba.

Hukumu yangu: Sonata yenye injini iliyobadilishwa na karatasi yake, ninunulie hata leo. Isiyo na karatasi siichukui.

Na msidhani ni Hyundai peke yake. Mwezi Aprili 2025 General Motors iliita magari yapatayo 721,000 yenye injini ya V8 (silinda nane) ya lita 6.2, ya 2021 hadi 2024, kwa tatizo la krankishafti na konrodi. Yaliyofaulu kipimo yalibadilishiwa oili kutoka ya uzito wa 0W-20 kwenda 0W-40 nzito zaidi, yakapewa na kifuniko kipya cha oili. Kwa hiyo ukikutana na mojawapo, fungua boneti usome kifuniko. Kikiwa bado kimeandikwa 0W-20, anza maswali hapo hapo.