Siku Tatu Kunming: Njia za Kununua Safari, Kuanzia Iliyo Bora

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaokwenda Guangzhou, China, kwa ajili ya maonesho ya biashara ya Canton wanafahamu kwamba maonesho hayo huendeshwa kwa awamu tatu, na kwamba baina ya awamu ya kwanza na ya pili, tarehe 20 hadi 22 ya Aprili na ya Oktoba, kumbi hufungwa ili mabanda yabadilishwe. Siku hizo tatu zinatosha kabisa kuutembelea mji wa Kunming, makao makuu ya jimbo la Yunnan, ambao Wachina wenyewe huuita mji wa majira ya kuchipua. Uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto hata mwezi Julai haupiti sana nyuzi 20, kwa hiyo anayeijua Nairobi ataizoea hali ya hewa yake siku hiyohiyo. Sweta ya jioni inahitajika, na kofia pia, kwa sababu jua la mwinuko huo ni kali kuliko linavyohisiwa.

Kwa muda mfupi namna hiyo, ninaipa nafasi ya kwanza tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, ukiinunua mwenyewe pamoja na hoteli ya katikati ya mji. Ndege kutoka Guangzhou huchukua kama saa mbili na nusu, na njia namba 6 ya treni ya chini ya ardhi huunganisha uwanja wa ndege wa Kunming, Changshui, na mji. Anayeondoka asubuhi anaweza kuwa anakula chakula cha mchana Kunming, na katika safari ya siku tatu saa hizo zina thamani kuliko fedha kidogo anayoweza kuokoa kwingineko.

Nafasi ya pili ni treni ya mwendokasi kutoka kituo cha Guangzhou Nan, iliyowezekana tangu reli ya Nanning hadi Kunming ilipokamilika mwishoni mwa mwaka 2016. Umbali ni kama kilomita 1,300 na safari huchukua saa saba hadi tisa hivi, maana yake ni kwamba ukienda na kurudi kwa treni, siku mbili kati ya tatu umezitumia kitini. Ninaipendekeza kwa mwenye siku tano, au kwa anayetaka kwenda kwa ndege na kurudi kwa reli ili aione milima ya Guangxi mchana. Kabla ya kulipa, soma jina la kituo kwa makini: Kunming Nan kipo Chenggong, mbali na mji, na kutoka hapo hadi katikati ni karibu saa nzima kwa treni ya chini ya ardhi, ilhali kituo kinachoitwa Kunming pekee kipo mjini. Tiketi za reli hufunguliwa siku 15 kabla ya safari, na kwa kuwa hakuna karatasi, pasipoti yako ndiyo tiketi. Jina uliloandika lazima lifanane nayo herufi kwa herufi.

Ya tatu ni safari ya kundi inayouzwa na wakala kwa bei halali. Inamfaa anayesafiri na wazazi wenye umri mkubwa au asiyependa kuhangaika na lugha, mradi apewe kwa maandishi orodha ya maeneo, muda wa kukaa kila mahali na viingilio vilivyolipiwa.

Ya mwisho, ambayo ninamsihi msomaji aiache kabisa, ni ziara ya bei ya kutupa. Yunnan ilisifika vibaya kwa ziara ambazo wageni walipelekwa kutwa nzima kwenye maduka ya vito vya mawe ya jade na majani ya chai, wakilazimishwa kununua ili mwongozaji apate kamisheni yake. Sheria ya utalii iliyoanza kutumika China Oktoba 2013 iliipiga marufuku biashara hiyo, na jimbo likaongeza hatua zake mwaka 2017, lakini mnunuzi mwenye busara hujiuliza nani anailipia safari inayouzwa chini ya gharama ya basi na chakula.

Kuhusu malazi, tafuta chumba karibu na Cui Hu, ziwa dogo lililo katikati ya mji, ambalo kulitembelea ni bure. Shakwe kutoka Siberia hutua hapo kuanzia kama Novemba hadi Machi, kwa hiyo mgeni wa Oktoba huwakosa. Hoteli za Chenggong ni za mwenye treni ya alfajiri tu. Kabla ya kulipa, uliza kama hoteli inapokea pasipoti za kigeni, kwani ndiyo itakayopeleka polisi taarifa za kukaa kwako.

Kiingilio kinachostahili fedha yako kwanza ni cha Shilin, msitu wa nguzo za mawe ya chokaa ulioingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2007. Treni kutoka Kunming Nan hadi Shilin Xi huchukua kama dakika 20, kisha unapanda basi. Baada yake ni Xishan, milima iliyo magharibi mwa mji, ambako mapango na ngazi za Longmen zilichongwa kwenye jabali juu ya ziwa Dianchi kwa miongo kadhaa hadi mwaka 1853.

Msomaji wa pwani ana sababu nyingine ya kufika upande wa kusini wa ziwa hilo. Kunyang ndiko alikozaliwa mwaka 1371 Zheng He, amiri wa jeshi la majini kutoka ukoo wa Kiislamu, ambaye misafara yake ilifika Malindi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China. Kaburi la baba yake Zheng He, aliyejulikana kwa jina la Hajji, lipo Kunyang hadi leo. Waislamu bado ni wengi Yunnan, na migahawa ya halali hutambulika kwa maandishi 清真 mlangoni. Humo utapata hata tambi za mchele za wenyeji zikipikwa kwa mchuzi wa ng'ombe au kuku.

Unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat, programu za simu zinazotumika kulipia China, ukiwa bado nyumbani, maana uthibitisho huhitaji ujumbe utakaotumwa kwenye laini yako ya simu.